Muulize Mwalimu: Vita vya dakika 38, mlima wa "zawadi" na maziwa ya Mpemba

Barua nyingi za mwezi huu zinatoka kwa wanafunzi na walimu wanaojiandaa na mashindano ya chemsha bongo, na karibu zote zina lalamiko moja: kadi mbili za maswali, majibu mawili tofauti. Nimefundisha fizikia mkoani Tanga hadi nilipostaafu, na shule bado huniita kukaa meza ya waamuzi, kwa hiyo ugomvi huu naujua. Msimamo wangu ni kwamba jibu lisiloonyesha limepimwaje na limetoka wapi ni nusu ya jibu, hata kama tarakimu yake ni sahihi. Basi tuanze.

Shikamoo Mwalimu. Tuliulizwa vita vifupi kuliko vyote duniani vilichukua dakika ngapi. Tukasema 38. Mwamuzi akasema 45 na tukanyimwa pointi. Nani yuko sahihi? (Wanafunzi wa kidato cha tatu, Unguja)

Marahaba wanangu. Mlistahili pointi yenu, na aliyesema 45 naye hakuitunga.

Sultani Hamad bin Thuwaini wa Zanzibar alifariki ghafla tarehe 25 Agosti 1896. Siku hiyohiyo Khalid bin Barghash akaingia kasrini na kujitangaza sultani. Waingereza walimtaka Hamoud bin Mohammed, na waliona hakuna anayeweza kukalia kiti hicho bila idhini yao. Wakampa Khalid muda: hadi saa 3 asubuhi ya tarehe 27 awe ameshusha bendera na kutoka. Hakutoka. Manowari 5 za Kiingereza zilikuwa zimetia nanga mbele ya kasri chini ya Admeri Harry Rawson. Saa 3 kamili amri ya kupiga ikatolewa, na saa 3 na dakika 2 mizinga ikaanza. Bendera ya kasri iliangushwa mnamo saa 3 na dakika 40.

Sasa hesabuni wenyewe. Ukianzia mzinga wa kwanza na kuishia bendera kuanguka, unapata dakika 38. Ukianzia kwenye amri, zinakuwa 40. Wapo wanaoweka mwisho kwenye saa 3 na dakika 45, na hapo ndipo 45 inapozaliwa. Kadi ya haki ingeandika "kati ya dakika 38 na 45" na kumpa pointi kila aliye ndani ya mipaka hiyo.

Lakini kuna jambo linaloniuma kila swali hili linaposomwa ukumbini: watu hucheka. Ndani ya dakika hizo, watu wapatao 500 wa upande wa kasri, wanaume kwa wanawake, waliuawa au kujeruhiwa. Jengo lilikuwa na mbao nyingi, likawaka. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Nikikaa meza ya waamuzi, swali la dakika huwa naliambatanisha na la pili: ni watu wangapi walioumia? Wanafunzi wanaolijibu ni wachache mno.

Khalid mwenyewe alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani, akapelekwa Dar es Salaam, na akaishi huko mpaka Waingereza walipomkamata mwaka 1916. Wakamhamishia Shelisheli na Saint Helena. Baadaye aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akafia Mombasa mwaka 1927.

Mwalimu, tangu utoto tunaambiwa Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake, Kaisari Wilhelm, Mlima Kilimanjaro siku yake ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda pale. Wajukuu zangu nao wameletewa hadithi hiyo shuleni. Ni kweli? (Msomaji, Taveta)

Si kweli, ndugu yangu, na tarehe peke yake zinatosha kuivunja hadithi hiyo. Mpaka ule ulipatanwa kati ya Uingereza na Ujerumani mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 1886. Mwaka huo mjukuu huyo wa Victoria hakuwa kaisari. Aliyekuwa kwenye kiti ni babu yake mzaa baba, Wilhelm wa Kwanza. Kijana alikuja kutawala Juni 1888. Hivyo hakukuwa na Kaisari mjukuu wa kupewa mlima.

Kilichotokea kilikuwa kinyang'anyiro cha mikataba. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alipata mkataba Taveta. Mwaka 1885 Lloyd Mathews, aliyeongoza jeshi la Sultani wa Zanzibar, alipanda hadi Uchagani na kuwafanya machifu, Mandara wa Moshi akiwemo, wakiri kuwa chini ya Sultani. Muda si mrefu akafika Mjerumani Carl Jühlke na karatasi zake, na Mandara akatia alama huko pia. Msimwone Mandara kuwa mtu wa kudanganywa. Alikuwa na majirani wenye nguvu, na kila mgeni mwenye bunduki alikuwa na faida kwake.

Mwaka 1886 wakubwa wakaketi na kugawana kufuatana na karatasi hizo. Mstari ukaanzia mdomo wa mto Umba, ukaenda moja kwa moja hadi Ziwa Jipe, ukapita katikati ya Taveta na nchi ya Wachaga, ukauzunguka mguu wa kaskazini wa mlima, halafu ukanyooka hadi Ziwa Victoria, pale latitudo ya digrii 1 kusini inapokutana na ufuko wa mashariki. Taveta yako ikabaki upande wa Waingereza kwa sababu ya karatasi ya Johnston. Waliokuwa wakilima na kuchunga pande zote mbili hawakuulizwa.

Naichukia hadithi ya zawadi kwa sababu inaufanya unyang'anyi uonekane kama mapenzi ya bibi kwa mjukuu. Waambie watoto.

Je, ni kweli nahodha Mwarabu Ahmad ibn Majid ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Bara Hindi? (Msomaji, Malindi)

Hapana. Ibn Majid alikuwa bingwa mkubwa wa bahari na mwandishi wa vitabu vya unahodha, lakini habari hiyo ilianza na mwandishi wa Kiarabu wa karne ya 16 aliyeandika miaka mingi baada ya tukio. Mreno aliyekuwa ndani ya safari yenyewe aliandika tu kwamba mfalme wa Malindi aliwapa rubani Mkristo, na waandishi wa Kireno wa baadaye ndio waliosema alitoka Gujarat. Walitoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 na kufika karibu na Calicut tarehe 20 Mei. Njia ile ilikuwa ikitumiwa na mabaharia wa pande hizi kwa mamia ya miaka kabla ya Mreno kuiona.

Mwalimu, naomba uamue ubishi wa kijiweni. Tanzania ina medali ngapi za Olimpiki? Mmoja anasema haina hata moja, mwingine anasema Filbert Bayi alishinda dhahabu. (Kijana wa bodaboda, Singida)

Wote wawili wamekosa. Tanzania ina medali 2, zote za fedha, na zote zilipatikana Moscow mwaka 1980. Bayi alichukua moja katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, nyuma ya Bronisław Malinowski wa Poland. Suleiman Nyambui alichukua nyingine katika mita 5,000, akimfuata Miruts Yifter wa Ethiopia kwa chini ya sekunde moja.

Dhahabu anayoikumbuka mwenzako ni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974. Hapo naomba nikae kidogo, maana mbio zile zinastahili.

Katika mita 1,500 wakimbiaji wengi hupenda kujificha nyuma na kuvizia mzunguko wa mwisho. Bayi alifanya kinyume. Bastola ilipolia akatoka mbele na hakuna aliyemwona uso tena. Aliwaacha mbali, na mwisho John Walker wa New Zealand, akishangiliwa na uwanja mzima wa kwao, akaanza kuipunguza nafasi hatua kwa hatua. Hakumfikia. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia. Walker naye, kwa 3:32.52, aliipita rekodi ya zamani ya Jim Ryun na bado akawa wa pili. Wa tatu alikuwa Ben Jipcho wa Kenya. Mwaka uliofuata, huko Kingston, Jamaika, Bayi akaivunja pia rekodi ya maili kwa dakika 3 na sekunde 51.0.

Dunia nzima ilikuwa ikingojea Bayi na Walker wakutane Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, zilisusia michezo ile kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga kucheza na Afrika Kusini ya makaburu na haikuadhibiwa. Walker alishinda dhahabu kwa 3:39.17, muda ambao Bayi alishauacha mbali. Naamini kususia kulikuwa sawa, na naamini pia kwamba gharama yake ilibebwa na miguu ya vijana wachache ambao kadi zetu za maswali zinawasahau.

Msichanganye pia Olimpiki na Mashindano ya Dunia ya Riadha. Alphonce Simbu alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia, Tokyo, Septemba 2025, kwa muda wa 2:09:48, ambao ni uleule wa Mjerumani Amanal Petros aliyekuwa wa pili. Baada ya kilomita 42 na zaidi, ilibidi sehemu za mia za sekunde ziwatenganishe. Ni dhahabu halali ya dunia, lakini haihesabiwi kwenye medali za Olimpiki.

Na kwa nini marathoni ni kilomita 42.195 na si 42 kamili? (Swali la kaka yake huyohuyo)

Kwa sababu ya London mwaka 1908. Mbio zilianzia kasri la Windsor na kuishia uwanjani mbele ya jukwaa la familia ya kifalme, na njia ilipopimwa ikatoka maili 26 na yadi 385. Kabla ya hapo kila mji ulikuwa na urefu wake, na Athens mwaka 1896 zilikuwa kama kilomita 40. Hata baada ya London haukutulia mara moja: Antwerp mwaka 1920 walikimbia kilomita 42.75. Shirikisho la riadha la dunia liliufunga urefu wa London mwaka 1921, na tangu Paris 1924 haujabadilika.

Mwalimu, mtoto wangu amesoma kwamba maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi, na kwamba Mtanzania ndiye aliyegundua. Baba yake anasema ni uzushi wa mtandaoni. Tusaidie. (Mama wa wawili, Morogoro)

Hili ndilo swali nililolingojea.

Mtanzania huyo ni Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, halafu wanayaweka kwenye friza. Nafasi kwenye friza zilikuwa za kugombaniwa. Siku moja Mpemba alimwona mwenzake akiwahi nafasi kwa kuweka maziwa bila kuyachemsha. Akiogopa kukosa, akaweka yake yakiwa bado moto. Baada ya kama saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Akamuuliza mwalimu wake wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye alizungumza na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu hapa Tanga mjini, akasikia kwamba wauzaji walikuwa wakiweka maziwa ya moto makusudi ili yawahi. Hiyo ndiyo sehemu ninayowasisitizia wanafunzi: wachuuzi wa Tanga walikuwa wakilitumia jambo hili kwenye biashara, na hakuna msomi aliyewauliza.

Alipofika sekondari ya juu Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na darasa likaufanya msemo huo utani. Kisha akaja mgeni, Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kutoa mhadhara. Mpemba akasimama mbele ya wenzake waliokuwa wakimcheka na kuuliza: ukiwa na vyombo viwili vyenye maji sawasawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friji, cha nyuzi 100 kinaganda kwanza, kwa nini? Osborne hakuamini, lakini hakumcheka. Alirudi Dar es Salaam na kumwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaja na taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, na akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja, na tangu hapo vitabu vya fizikia duniani vinaliita jambo hili athari ya Mpemba.

Je, aligundua yeye wa kwanza? Aristotle aliligusa zamani sana, na Francis Bacon na Descartes wakaliandika. Mpemba hakuwasoma. Aliliona kwenye maziwa yake, na kwa sababu yake sayansi ya leo ikaanza kulipima upya.

Na je, ni kweli? Hapa dada yangu nakuomba uvumilivu, kwa sababu jibu la uaminifu ni kwamba wanasayansi bado wanabishana. Mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walipima kwa uangalifu mkubwa na hawakuona ushahidi wa kutosha kwa maji ya kawaida. Walionyesha hata kwamba kukisogeza kipimajoto juu au chini kidogo kunaweza kukuletea athari ambayo haipo. Lakini mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, Kanada, walionyesha jambo la aina hiyohiyo kwa chembe ndogo mno zilizodhibitiwa kwa mwanga: zilizoanza na joto zaidi ziliwahi kupoa. Kwa maji, sababu zinazopendekezwa ni nyingi. Maji ya moto hupoteza mvuke, hivyo yanayobaki kuganda ni machache. Hupoteza gesi. Huzunguka zaidi ndani ya chombo. Na mara nyingine maji ya baridi hushuka chini ya nyuzi sifuri bila kuganda.

Sababu moja unaweza kuijaribu nyumbani wikendi hii na baba yake akiwepo. Friza nyingi zina ganda la barafu chini. Chombo cha moto huyeyusha ganda hilo na kukaa kikigusa bati baridi lenyewe, wakati chombo cha baridi kinakalia ganda, ambalo huzuia joto kutoka kama blanketi. Chukueni vikombe viwili vya bati vinavyofanana, pimeni maji sawasawa, kimoja cha moto na kimoja cha bombani. Mara ya kwanza viwekeni juu ya ganda. Mara ya pili viwekeni juu ya kipande cha ubao mkavu. Mtoto aandike muda na sehemu kila kikombe kilipokaa. Matokeo mawili yakitofautiana, baba na mtoto watakuwa na jambo la kuzungumza mezani.

Nimeacha darasa, lakini swali la Mpemba sikuliacha. Kila mwalimu kijana anayenijia huwa namwambia amsome mwanafunzi huyu kabla hajamwambia mtoto yeyote kwamba amechanganyikiwa.

Nimehamia Njombe kikazi kutoka Tanga. Maharage yaleyale, sufuria ileile, lakini hayaivi! Ni maji ya huku au ni mkaa? (Muuguzi, Njombe)

Ni mwinuko, mwanangu. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito juu ya maji, na maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kadiria kushuka kwa nyuzi 1 kwa kila mita 300 hivi. Tanga yanachemka karibu na 100. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, ni kama 93. Kuongeza mkaa hakusaidii: maji yanayotokota hayapandi joto zaidi, yanakauka tu. Loweka maharage usiku kucha, au tafuta presha kuka, ambayo hubana mvuke na kupandisha joto hadi karibu nyuzi 120. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, maji huchemka kwenye nyuzi 80 hivi.

Shikamoo. Ziwa lipi ni kubwa, Victoria au Tanganyika? Na Meli ya Liemba ilianza lini? Kadi ya kwanza inasema 1913, ya pili 1915, ya tatu 1927. (Mwalimu wa msingi, Kigoma)

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Kwa eneo ni Victoria, kilomita za mraba zipatazo 68,800 dhidi ya kama 32,900. Kwa kina hakuna mashindano: Tanganyika ina mita 1,470, ya pili duniani baada ya Baikal ya Urusi yenye 1,642, wakati Victoria haizidi sana mita 80. Kwa wingi wa maji, Tanganyika inaishinda Victoria zaidi ya mara 6. Tanganyika imekaa ndani ya ufa wenyewe wa Bonde la Ufa, ambao umekuwa ukitanuka na kuzama kwa mamilioni ya miaka. Victoria imejaa kwenye bonde pana lisilo na kina kati ya mikono miwili ya ufa huo. Anayeandika "kubwa" peke yake kwenye kadi hajauliza swali bado.

Liemba sasa. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye makasha, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ambako iliungwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Julai 1916, vita vilipowazidi, Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza wakazipaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa. Ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Kadi zako zote tatu zina mwaka wa kweli. Zirekebishe kwa kalamu: 1913 iliundwa, 1915 iligusa maji ya ziwa, 1927 iliitwa Liemba.